Mama, nafundisha mtandaoni, na simu ikiita tu moyo unaanza kunienda mbio

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwalimu wa Hisabati na Kemia, naishi Gungu, hapa Kigoma mjini. Nina mume na watoto wawili. Mkubwa yuko darasa la pili, mdogo ana miezi saba na bado ananyonya. Mama mkwe tunaishi naye. Mume wangu anafanya kazi Uvinza, anarudi mwisho wa wiki.

Nilikuwa nafundisha shule ya binafsi. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, mshahara ukasimama, na mimi kama walimu wengi nikaanza kutuma masomo kwa WhatsApp ili watoto wangu wa kidato cha nne wasipotee. Shule zikafunguliwa mwishoni mwa Juni, lakini wazazi kadhaa wakaniomba niendelee na watoto wao jioni. Baadaye nikapata nafasi kwenye kampuni moja inayofundisha kwa mtandao. Ofisi iko Dar es Salaam, wanafunzi wako Dodoma, Mwanza, Dar yenyewe, wengine wako Oman na wazazi wao. Nilifurahi sana, Mama. Niliona nimepata namna ya kufanya kazi niliyosomea bila kuiacha familia yangu.

Sasa maji yamenifika shingoni.

Vipindi vyangu ni vinne kwa siku, kuanzia saa kumi jioni watoto wakishatoka shule mpaka saa tatu usiku. Kila kipindi ni saa nzima, nalipwa elfu nane. Asubuhi naandaa masomo na kusahihisha. Kusahihisha kwenyewe ni kwa picha: mtoto anapiga picha daftari lake usiku chini ya taa, kivuli cha mkono wake kimeangukia juu ya hesabu, nami naikuza ile picha kwa vidole mpaka macho yanatoa machozi, natafuta kujua kama ile ni 1 au 7. Bando nanunua mwenyewe. Umeme ukikatika nahamia kwenye simu na pawabenki. Mtandao ukikatika zaidi ya dakika kumi, kipindi chote hakilipwi, hata kama dakika zilizobaki nimefundisha vizuri. Kamera lazima iwe wazi muda wote, ndiyo masharti.

Nilipojifungua nilirudi kazini wiki ya tatu. Niliuliza likizo ya uzazi, nikajibiwa mimi si mwajiriwa, ni mtoa huduma, kwa hiyo nikipumzika nafasi yangu atapewa mwingine. Siku moja mtoto alilia kipindi kinaendelea, mzazi mmoja akaandika kwenye kundi la wazazi kwamba analipa pesa mwanawe asikilize Kemia, si kilio. Hakuna aliyenitetea. Wazazi hao hao wananipigia mpaka saa tano usiku kuuliza kwa nini mtoto amepata alama ndogo.

Kisha kuna jambo ambalo hata mume wangu sijamwambia. Mwanafunzi wa kidato cha tatu alinipiga skrinishoti nikiwa nimefumba macho na mdomo wazi, niko katikati ya neno. Akatengeneza stika, akaandika juu yake "Madam amezima". Ikazunguka kundi zima la darasa. Nilicheka nao, nikamaliza kipindi, halafu nikaingia bafuni nikalia.

Walimu walipoanza kuacha kazi mmoja mmoja, kampuni ikatuita kwenye mafunzo ya ustahimilivu. Ilikuwa Jumamosi, bila malipo. Tukafundishwa kuvuta pumzi, kuandika kila usiku mambo ya kushukuru, na tukaambiwa mwanamke jasiri hatikisiki. Nimejaribu vyote. Najikaza kisabuni. Lakini bado nalala saa saba usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri bila nguvu. Nampigia kelele mwanangu mkubwa kwa kosa la kumwaga uji. Na linaloniogopesha zaidi: mwanafunzi akiuliza swali natamani asingeuliza. Mimi niliyekuwa nabaki darasani hadi saa kumi na mbili kwa ajili ya mtoto mmoja asiyeelewa logarithimu!

Mume wangu anasema kazi ya kukaa nyumbani kwenye kiti haiwezi kumchosha mtu hivi. Mama mkwe anaona nashinda na simu. Wageni wakija ananiita niandae chai nikiwa katikati ya kipindi.

Mama, mimi ni dhaifu? Niache kazi?

Mwalimu, Gungu

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na nilipofika kwenye ile stika nilisimama kidogo kwa hasira. Nimefundisha sekondari hapa Tabora mpaka nikastaafu, najua mwanafunzi anavyoweza kumjaribu mwalimu. Lakini sisi tulipochorwa ubaoni kulikuwa na kifutio, na kulikuwa na mwalimu wa nidhamu. Wewe umeachwa peke yako na watoto thelathini wanaocheka usiowaona nyuso.

Nianze na swali lako la kwanza. Hapana, wewe si dhaifu. Umejifungua, ukarudi kazini wiki ya tatu, unanyonyesha, unaendesha nyumba ambayo baba yake hayupo siku za kazi, na bado watoto wa watu wanajua Kemia. Hayo yanatosha kuonyesha nguvu ulizonazo. Kinachokusumbua ni kwamba kila mahali unaombwa uongeze uvumilivu, na hakuna hata sehemu moja ambako mtu amejitolea kupunguza hicho kinachovumiliwa.

Hali unayoieleza inafahamika. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuingiza uchovu wa aina hii katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, na likafafanua kuwa wenyewe si ugonjwa bali ni hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa. Dalili zake kuu ni tatu: kuishiwa nguvu, moyo kukaa mbali na kazi, na kujiona huna tena uwezo. Hiyo ya pili ndiyo iliyokutisha, kutamani mtoto asiulize swali. Usijihukumu kwa hilo. Mtu aliyechoka kupita kiasi hujikinga kwa kuacha kujali, na mara nyingi waliokuwa wanajali sana ndio wanaoumia zaidi wakijiona wamefika hapo. Angalia pia maneno yenyewe: msongo wa kazini ambao haukushughulikiwa. Hayasemi udhaifu wa mfanyakazi.

Ndiyo maana yale mafunzo yenu ya Jumamosi hayakukusaidia. Kuvuta pumzi ni kuzuri, na kushukuru ni kuzuri, sivikatai. Ila huwezi kumfundisha mtu kupumua huku umemkalia kifuani. Kama kampuni ilikuwa na muda huo wa kuwapa walimu, ingewauliza kwanza nani anawanunulia bando.

Sasa hiyo kamera. Usidhani ni wewe tu unayechoka mbele yake. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwahoji watu zaidi ya 10,000 kuhusu uchovu wa mikutano ya Zoom. Wanawake waliosema wanachoka sana au kupita kiasi walikuwa asilimia 13.8, wanaume asilimia 5.5. Sababu mojawapo kubwa waliyoiona ni kujitazama: sura yako iko mbele yako muda wote, nawe unaikagua bila kujua, mtandio umekaaje, nimeonekanaje. Darasani hukuwahi kufundisha umeshika kioo. Sababu nyingine ni kukaa bila kujongea. Mwalimu wa kawaida hutembea, hugeuka ubaoni, huinamia daftari la mtoto, lakini kamera inakufunga ndani ya kisanduku.

Hapo pana mambo unayoweza kuyafanya leo jioni bila kuomba ruhusa ya mtu. Kwenye Zoom kuna sehemu ya kuficha picha yako mwenyewe, wewe hujioni, wanafunzi wanakuona kama kawaida. Masharti ya kampuni hujayavunja. Kisha tafuta kipande cha ubao, au hata plaiwudi uliyoipaka rangi nyeusi, ukitundike ukutani, simu uiegemeze mbali kidogo, ufundishe umesimama. Chaki mkononi itakurudishia mwili wako wa ualimu, na watoto wataacha kuitazama sura yako na kutazama hesabu. Tumia hedifoni zenye maiki ili usipige kelele, koo lako linahitaji hilo. Macho nayo yana kanuni ambayo madaktari wa macho huitoa: kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho mbali, kama mita 6, kwa sekunde 20. Wape watoto swali moja la kufanya, nawe utazame nje ya dirisha.

Picha za madaftari zisikuue. Toa kanuni: kazi ipigwe picha mchana, karibu na dirisha, swali moja kwa kila picha, namba ya swali ionekane. Isiyosomeka inarudishwa. Shuleni ungemrudishia daftari chafu, hata huku unaweza.

Hilo ni dogo. Kubwa ni mkataba wako.

Wamekwambia wewe ni mtoa huduma, nawe ukakubali kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa. Tanzania tuna Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, Sura ya 300, na kifungu chake cha 61 kinaeleza lini mtu ahesabiwe kuwa mwajiriwa, bila kujali mkataba umemwitaje. Kinaangalia mambo kama haya: namna yako ya kufanya kazi inaelekezwa na mwingine, saa zako zinapangwa na mwingine, wewe ni sehemu ya taasisi hiyo, umemfanyia kazi wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, unamtegemea kiuchumi, anakupa vifaa vya kazi, au unamfanyia kazi yeye peke yake. Likiwepo hata moja, unachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka wao wathibitishe vinginevyo. Jipime mwenyewe. Ratiba wanapanga wao, kamera wanaamuru wao, na kwa vipindi vinne kila siku saa 45 za mwezi unazimaliza mapema kabla mwezi haujaisha.

Ukishakuwa mwajiriwa, inaingia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, Sura ya 366. Mwanamke aliyejifungua ana likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Anayenyonyesha anaruhusiwa muda wa kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki wala 9 kwa siku, na zinazozidi hapo zina malipo ya ziada. Mshahara nao haukatwi kiholela tu. Makato yana masharti yake kisheria. Kwa hiyo kipindi ulichofundisha dakika arobaini na tano kisha ukanyimwa senti zote kwa sababu ya mtandao ni jambo la kuulizia.

Migogoro ya kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hiyo wengi wanayoiita CMA. Ujue mapema habari ya muda. Ukiachishwa kazi una siku 30 za kulalamika, na migogoro mingine ni siku 60 tangu ilipotokea. Likizo yako ya uzazi imeshapita miezi, kwa hiyo ukitaka kuidai utalazimika kwanza kuomba kuongezewa muda na kutoa sababu za msingi. Lakini muda wa kunyonyesha ni wa leo na kesho, huo haujapita. Nenda kamwone ofisa kazi wa mkoa hapo Kigoma, ubebe mkataba na miamala ya malipo yako kwenye simu, umuulize tu. Kuuliza si kushitaki.

Hata hivyo sikushauri uanze na CMA, na sikushauri uanze peke yako. Hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri.

Ulipotoka shuleni ulipoteza ofisi ya walimu, nawe hukujua umepoteza nini. Ile chai ya saa nne, mihogo kwenye sahani, mwalimu wa Jiografia anaingia anajitupa kwenye kiti anasema kidato cha pili B leo wamenitoa jasho, na mwingine anajibu bila kuinua kichwa kwenye madaftari, hata mimi. Hilo "hata mimi" ndilo lililotuweka kazini miaka yote. Ulijua tatizo ni kidato cha pili B, si wewe. Mtoto wako akiugua, mwenzako alikushikia kipindi. Mzazi akija na ukali wake, alimkuta mkuu wa shule kwanza, kisha mwalimu wa taaluma, na wewe wa mwisho, tena hukukaa naye peke yako. Mkutano wa walimu uliokuwa unatuchosha kila muhula, ndimo mle ilipoamuliwa kwamba kazi hii ni nyingi mno, tugawane. Mwalimu wa mtandaoni ameachiwa kazi yote ya ualimu na kunyang'anywa walimu wenzake. Kisha anaambiwa awe mstahimilivu. Astahimili kwa kumwegemea nani? Ustahimilivu wa walimu ulikuwa ukitengenezwa pale kwenye ile ofisi yenye viti vibovu, kila siku ya Mungu, bila mtu kuuita mafunzo.

Basi itengeneze upya. Unasema walimu wameanza kuacha mmoja mmoja. Maana yake nao wanalia bafuni kwao. Watafute watatu, wanne, unaoona wana busara. Anzisheni kundi lenu ambalo bosi hayumo, na msiligeuze kuwa la kulaumiana wala la kutumiana video za kuchekesha mpaka usiku. Chagueni siku moja ya wiki, nusu saa, kwa sauti tu bila kamera, kila mmoja aseme wiki imemwendeaje. Mkishazoeana, gawaneni: maandalio ya somo la Kemia la kidato cha tatu akiyaandaa mmoja, wote wayatumie. Mtu akiugua, mwenzake ashike kipindi chake. Wanawake wa Kigoma mnaendesha vikoba kwa uaminifu wa ajabu, hamshindwi hili. Na tafuta japo mwalimu mmoja wa mtandaoni aliye hapo hapo mjini, Mwanga au Katubuka au Ujiji, mwonane ana kwa ana, mpike migebuka mle pamoja. Sauti ya simuni haitoshi.

Mkishakuwa wengi, andikeni barua ofisini, mseme kwa jina la walimu. Iwe fupi na ya heshima. Kwa mfano:

"Sisi walimu tuliosaini hapa chini tunaomba kikao kuhusu mambo yafuatayo. Kampuni igharamie bando au ituongezee posho ya bando. Kipindi kilichokatika kwa sababu ya mtandao au umeme kilipwe kwa dakika zilizofundishwa. Mwalimu aruhusiwe kuzima kamera anapoonyesha ubao wa kwenye skrini au maandishi. Mwalimu anayenyonyesha apangiwe nafasi kati ya kipindi na kipindi. Wazazi wawasiliane na ofisi, si simu binafsi ya mwalimu, na mwisho iwe saa kumi na mbili jioni. Kuwe na mtu anayeshughulikia nidhamu ya wanafunzi mtandaoni. Tunaomba majibu kwa maandishi."

Hakuna tusi hapo wala tishio. Wakikubali nusu ya hayo, wiki yako itabadilika.

Wakati mnasubiri majibu, funga mlango wako mwenyewe kwa wazazi. Chukua laini nyingine ya kazi uiweke kwenye WhatsApp ya biashara, ambayo ina ujumbe wa kujijibu yenyewe muda wa kazi ukiisha: "Ahsante mzazi, nitakujibu kesho kuanzia saa tatu asubuhi." Kundi la wazazi, kama wewe ndiye msimamizi, liweke ili wasimamizi pekee ndio wanaoweza kuandika. Saa tatu na nusu usiku simu hiyo ilale sebuleni. Mzazi wa Muscat hatakufa kwa kujua alama za mwanawe asubuhi.

Kuhusu stika: ihifadhi kama ushahidi, iandikie ofisi siku na saa, omba ifutwe kwenye kundi na mzazi wa mtoto huyo aitwe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa unyanyasaji wa mtandaoni, lakini huyu ni mtoto wa kidato cha tatu, nami nisingeanza na polisi. Ila usicheke nao tena. Siku itakapoonekana nyingine, simamisha kipindi, sema kwa sauti ya kawaida kwamba picha ya mtu haichukuliwi bila ridhaa yake, kisha endelea na somo. Na mwambie mumeo. Aibu hiyo si yako, usiifiche kama yako.

Nyumbani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walisema, na mumeo anaona usufi kwa sababu hajaubeba. Usibishane naye. Jumamosi mwombe akae chumbani umefundisha kipindi kimoja, amshike mtoto yeye, asikie mwenyewe "mwalimu hatukusikii" mara ngapi, aone ukifuta ubao huku unajibu ujumbe wa mzazi. Kisha kaeni na karatasi. Andika saa zote za wiki: vipindi, maandalio, kusahihisha, simu za wazazi. Tuchukulie mfano. Vipindi 20 kwa elfu nane ni 160,000. Ukitoa bando la 20,000 zinabaki 140,000. Kama kazi yote kwa jumla inakula saa 50, unafanya kazi kwa 2,800 kwa saa. Namba hiyo mumeo ataielewa, nawe itakusaidia kuamua.

Mama mkwe usimwendee na malalamiko, mwendee na ombi. Yeye ndiye mkubwa wa nyumba mumeo asipokuwepo, mpe nafasi hiyo waziwazi: "Mama, kuanzia saa kumi mimi niko darasani kama zamani nilivyokuwa shuleni. Mgeni akija naomba umpokee wewe, chupa ya chai nitaiacha tayari. Nikitoka nitamsalimu." Wengi wa umri wake hawajui kazi inafanyikaje kwenye simu, na hakuna aliyekaa akawaeleza. Muonyeshe watoto wako wa Oman wanavyokusalimia. Akimuona mtoto wa mbali anamwita mkwe wake mwalimu, nadhani atakulindia mlango yeye mwenyewe. Na mtoto aletwe unyonyeshe kati ya kipindi na kipindi, hapo naye atakuwa na zamu yake.

Kuna jambo moja siwezi kulimaliza kwa barua. Uchovu wa kazi hupungua ukipumzika. Lakini kama hata siku ambazo huna kipindi bado moyo ni mzito, hufurahii mtoto wako, chakula hakipandi, na hali hiyo imeendelea wiki mbili au zaidi, inaweza kuwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na mama aliyejifungua ndani ya mwaka mmoja ni rahisi kuipata. Hiyo ina matibabu. Nenda hospitali ya mkoa, Maweni, uwaambie wazi kwamba umejifungua miezi saba iliyopita, hulali, na unalia. Wakupime na wingi wa damu, maana upungufu wa damu nao humfanya mama anayenyonyesha achoke hivyo hivyo na moyo kwenda mbio. Na kama umewahi kufikiria kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje wiki, nenda leo, umwambie mama mkwe akusindikize.

Uache kazi? Usiache wiki hii. Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba, na najua utaumia ukiwaacha watoto hao njiani. Omba kuanzia sasa upunguziwe vipindi viwe vitatu, sema sababu ni kunyonyesha. Mpe mwajiri mpaka mtihani uishe aonyeshe anajibu nini kwenye barua yenu. Wakikataa yote, toka, bila kujiona umeshindwa. Wewe na wale wenzako wanne mtakuwa mmeshazoeana, na wazazi waliokuomba uendelee mwaka 2020 hawakuifuata kampuni, walikufuata wewe. Kabla ya hapo soma mkataba unasemaje kuhusu kufundisha wanafunzi wao nje ya kampuni, usijitie kwenye kesi.

Ile barua ya kwenda ofisini mkishaiandika, nitumieni nakala kabla hamjaituma. Nitaisoma neno kwa neno.